Roboti kwenye tovuti za vyuo vyetu: tuwafungie au tuache wazi?

Nyakach_Juu
Hamjambo wakuu. Wiki ya kusajili yuniti ilivyokwenda mnajua, na si chuo kimoja, ni kuanzia Nakuru mpaka huku ziwani. Potali inazunguka tu, ripozitori ya tasnifu inarudisha 503 (seva imeshindwa kuhudumia), katalogi ya maktaba haifunguki. Halafu linatoka tangazo: "mmiminiko usio wa kawaida wa roboti." Nina hoja moja. Kampuni za akili mnemba zinatuma roboti, yaani programu zinazofungua kurasa zenyewe, kukomba tasnifu na majarida yetu ili zifunze mashine zao, hazilipi hata ndururu, na bili ya seva inabaki kwa chuo. Je, chuo cha umma kiwafungie roboti wote isipokuwa wa Google? Au kiache wazi, maana utafiti wenyewe ulilipiwa na mlipa kodi? Leteni sababu, matusi yaacheni nyumbani.

KondeleKwetu
Roboti gani tena bana. Kila mwaka kuna mgeni wa kulaumiwa. Juzi ilikuwa waya wa baharini umekatika, leo ni roboti, kesho mtatuambia kiboko amekanyaga seva. Mwanafunzi asiposajili kabla ya tarehe analimwa faini, na hiyo faini roboti halipi.

Fundi_Lanet
Kondele, nyaya zilikatika Mei 2024, EASSy na Seacom kwa siku moja, na dalili zake hazifanani na hizi. Waya wa baharini ukikatika, tovuti za ng'ambo ndizo zinazoburuta miguu. Seva iliyo humu nchini unaifikia kama kawaida. Safari hii seva inafikika, inapokea ombi, kisha inakaa nalo mpaka muda unaisha. Hilo ni tatizo la kazi kuzidi uwezo, si la barabara.

Ripozitori nyingi zetu zinaendeshwa na programu ya DSpace. Ukurasa wa tasnifu moja hauui mtu. Kinachoua ni vichujio vya pembeni: mwandishi, mada, mwaka, aina. Chukua vichujio vinne, kila kimoja kinaonyesha thamani 10, na kila kimoja unaweza pia kukiacha. Hiyo ni 11 mara 11 mara 11 mara 11, yaani michanganyiko 14,641. Ongeza njia 3 za kupanga matokeo na ukubwa 5 wa ukurasa: unapata anwani 219,615, na hapo hujabofya ukurasa wa pili. Roboti anaona viungo laki mbili na ushei, hajui kwamba nyuma yake ni tasnifu zilezile elfu chache. Kila kiungo kinaamsha Solr, injini ya utafutaji, itafute upya, na kuanzia DSpace 7 kuna programu ya Node inayopika ukurasa mzima kwenye seva kabla ya kuutoa. Prosesa zinajaa, foleni inarefuka, basi.

Sasa mbona potali ya karo nayo inakufa wakati roboti hana shida na karo? Kwa sababu vyote vimerundikwa kwenye mashine moja. Hifadhidata ya MariaDB usipoigusa usanidi inakubali miunganisho 151. Koha ya katalogi iko humo, OJS ya majarida iko humo, potali iko humo. Roboti wakifungua utafutaji wa katalogi mia mbili kwa mpigo, yule wa kusajili yuniti akija hifadhidata inamwambia nafasi zimekwisha. Pia angalieni PHP-FPM, inayoendesha kurasa za PHP: pm.max_children, idadi ya kazi inazofanya kwa pamoja, inakuja ikiwa 5. Tano! Kabla ya kujadili tufunge au tusifunge, potali ihamishwe iwe na hifadhidata yake.

Section58
Fundi umefafanua vizuri sana, lakini tuambizane ukweli. Hizo tasnifu hakuna binadamu anayezisoma. Tangu ziwekwe pale, roboti ndio wasomaji wa kwanza kuzifungua hadi ukurasa wa mwisho. Badala ya kufukuzwa wapewe kadi ya maktaba 😂

Daktari_Milimani
Wewe Section58, heshima kidogo. Watu wamekaa miaka sita wakiandika kuhusu gugumaji, kuhusu malaria, kuhusu bei ya miwa, halafu mtu anaketi na simu anacheka. Kama husomi, usidhani wengine hawasomi. Fungua ukurasa wa takwimu wa ripozitori yoyote uone upakuaji unavyopanda kila mwezi, na nchi unazotoka. Watu wa Ulaya na Asia wanasoma kazi zetu.

Section58
Daktari, Asia hiyo hiyo inayotuma roboti? 👀

Daktari_Milimani
Huo ni utoto.

Mkutubi_Mulembe
Daktari shikamoo. Naomba nisikuudhi, lakini takwimu hizo ni za kutazamwa kwa jicho la pili. DSpace huhesabu upakuaji ndani ya Solr, na humwondoa roboti kwa kulinganisha anwani yake na jina lake la kivinjari na orodha iliyomo kwenye mfumo. Roboti anayejitaja, kama GPTBot au CCBot, anaweza kuondolewa orodha ikiwa mpya. Anayejiita Chrome ya Windows anahesabiwa kama msomaji wa kawaida. Na orodha yenyewe haijisasishi hivi hivi: kuna amri ya stats-util, `-u` inaleta orodha mpya ya anwani, `-m` inawatia alama, `-f` inawafuta waliotiwa alama. Isipoendeshwa, takwimu zinapanda kila mwezi na sababu haina uhusiano na wasomaji.

Hilo halimaanishi hakuna anayesoma. Linamaanisha namba hiyo peke yake haithibitishi chochote, si upande wako wala upande wa Section58.

Section58
Mkutubi amemaliza. Nasubiri Daktari aseme namba zake ni za kweli.

Daktari_Milimani
Namba SI zangu, ni za maktaba. Na kama maktaba haiendeshi amri zake, hilo si kosa la mhadhiri. Kila siku tunaambiwa tuweke kazi mtandaoni ili chuo kipande kwenye orodha ya vyuo ya Webometrics, tukiziweka tunaambiwa wasomaji ni mashine. Hata Wikipedia walitangaza kwamba asilimia 65 ya wasomaji wao ni roboti, mbona hamuwacheki?

Mkutubi_Mulembe
Ile 65 ya Wikimedia, wenye Wikipedia, (Aprili 2025) ni ya sehemu ya mmiminiko inayogharimu zaidi, ile inayolazimu kwenda hadi kwenye seva kuu kwa kuwa ukurasa haumo kwenye kache (nakala zilizohifadhiwa tayari). Kwa kurasa zote zilizotazamwa, roboti walikuwa kama asilimia 35. Na tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe: binadamu hurundikana kwenye kurasa chache zinazojulikana, roboti hupita kila kona isiyofunguliwa na mtu, kwa hiyo kache haimsaidii. DSpace 7.5 kwenda mbele ina kache ya kurasa kwa ajili ya roboti. Inakuja na nafasi ya kurasa 1000. Linganisha na zile laki mbili za Fundi.

MulembeTech
Turudi kwenye mada jameni. Dawa ipo na ni rahisi: Nginx, programu inayopokea maombi mbele ya tovuti, ina limit_req ya kupunguza kasi ya maombi. Unaweka zoni ya megabaiti 10 kwa anwani za IP, inabeba anwani 160,000, unatoa ombi mbili kwa sekunde kwa kila anwani. Kwisha.

Fundi_Lanet
Kwenye mashine ya biti 64 kumbukumbu ya anwani moja inakula baiti 128, kwa hiyo ni kama 80,000, si 160,000. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kwa nchi hii dawa yako inaua mgonjwa. Waifai ya hosteli nzima inatoka na anwani moja. Laini za simu ni vilevile, kampuni inawapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ombi mbili kwa sekunde kwa anwani, asubuhi ya kusajili yuniti, maana yake umefungia hosteli. Roboti wa siku hizi hataguswa, kwa sababu anakuja na anwani elfu arobaini za majumbani, kila moja inaomba ukurasa mmoja au miwili na kupotea. Ukiendesha hesabu ya anwani kwenye logi unatafuta aliyeomba mara nyingi, anayetokea juu kabisa ni waifai ya chuo chako mwenyewe. Kuna mafundi wamejifungia hivyo.

KondeleKwetu
Elfu arobaini za majumbani? Nani ana nyumba elfu arobaini? Fungeni nchi zote, acheni Kenya peke yake. Mzungu akitaka tasnifu apande ndege.

Fundi_Lanet
Nyumba si zake. Ni simu na vidude vya watu. Programu za bure za VPN nyingine zinauza laini ya aliyeipakua. Kuna na vile visanduku vya tivii vya Android vya bei ya chini visivyo na jina la kueleweka. FBI walitoa onyo Juni 2025 kuhusu BADBOX 2.0, vidude vinavyofika dukani vikiwa tayari na programu chafu inayogeuza intaneti ya nyumbani kuwa njia ya wengine. Vidude hivyo viko pia Kenya, kwa hiyo ukibakiza Kenya pekee utawabakiza na hao. Na Googlebot anatambaa zaidi akitumia anwani za Marekani. Ukiziba Marekani, Google Scholar inaanza kuwasahau, na hapo Daktari atakuwa na haki ya kukasirika.

Otieno wa Jubilee Market
Ngoja, kisanduku cha tivii? Kile cha kuangalia mpira? Nitajuaje changu ni safi?

Fundi_Lanet
Kama wakati wa kukisimika kilikutaka uzime Play Protect (ulinzi wa Google), au kinaahidi chaneli zote za kulipia bure, kitoe kwenye umeme. Kurudisha mipangilio ya kiwandani hakusaidii uchafu ukiwa umo kwenye mfumo wenyewe.

Otieno wa Jubilee Market
Kinaahidi chaneli zote bure.

Section58
Kumbe Otieno ndiye aliyeangusha potali 🤣🤣

MulembeTech
Sawa, IP imekataa. Basi Anubis, kizuizi cha roboti. Ilitoka Januari 2025, Xe Iaso ndiye aliyeiandika baada ya roboti wa Amazon kumlemea seva. Inamfanyisha kila kivinjari hesabu ya SHA-256 kabla ya kuingia. Mgeni mmoja haisikii, anayeomba kurasa milioni inamuumiza. Ukishapita, kuki inakaa wiki moja.

Mkutubi_Mulembe
Haisikii kwenye kompyuta ya ofisini. Kwenye simu ya elfu nane yenye Android ya zamani, mwanafunzi anatazama mduara ukizunguka, bando linaisha uvumilivu nao unaisha. Akizima JavaScript hapiti kabisa. Na ukiiweka mbele ya kila kitu bila kuchagua, unazuia pia mashine halali zinazovuna metadata (jina, mwandishi, mwaka) kwa itifaki ya OAI-PMH, ambazo ndizo zinazoipeleka tasnifu kwenye katalogi za dunia. Njia ya `/oai` iachwe nje, na sitemap (orodha ya kurasa) iachwe nje.

Fundi_Lanet
Naongezea: kwa sera inayokuja nayo, Anubis humpa mtihani yule anayejitaja "Mozilla", kama vivinjari vinavyofanya. Skripti ya curl isiyojificha inapita tu. Inamkamata mwongo, ambaye ndiye tunayemtaka, sawa. Lakini msiiite kufuli.

Nyakach_Juu
Mbona hakuna anayejibu swali langu? Niliuliza kama ni HAKI kuwafungia. Robots.txt, ile faili ya kuwaambia roboti wasiingie wapi, si ipo?

Mkutubi_Mulembe
Ipo tangu 1994, na ikapata RFC 9309, yaani kiwango rasmi cha intaneti, mwaka 2022. Ni ombi la adabu. Kampuni kubwa zenye roboti wanaojitaja zinasema zinaitii, na unaweza kuwaandikia kwa jina: GPTBot, ClaudeBot, CCBot, Amazonbot. Google ana jina la pembeni, Google-Extended, la kukataa mafunzo ya akili mnemba bila kujiondoa kwenye utafutaji. Ila wengi huandika Crawl-delay humo wakadhani wamefunga breki. Crawl-delay haimo kwenye RFC na Google huipuuza.

Kuna kosa lingine linalofanyika sana. Fundi anafungia roboti kwa 403 (hairuhusiwi) kwenye tovuti nzima, robots.txt ikiwemo. Kwa mujibu wa RFC, faili ikijibu kosa la aina ya 4xx, roboti anaruhusiwa kuchukulia kwamba hakuna katazo lolote. Ikijibu 5xx, anatakiwa achukulie kwamba kila kitu kimekatazwa. Kwa hiyo aliyefunga kwa hasira amemwambia roboti mwenye adabu kwamba nyumba iko wazi, na seva iliyolemewa inayorudisha 503 inamfukuza Google mwenyewe. Robots.txt iwe faili ya maandishi ya kawaida, itolewe na Nginx moja kwa moja, isipite kwenye programu wala kwenye kizuizi chochote.

Kuhusu haki: tasnifu ziko wazi ili zisomwe. Mimi sioni sababu ya kumkataza mtu PDF kwa kuwa msomaji wake ni mashine. Utafutaji wenye vichujio ni kitu kingine. Huo ni huduma ya mtu aliye mbele ya skrini.

Daktari_Milimani
Hapo ndipo tunapoachana, Mkutubi. Mwanafunzi alitia sahihi fomu ya kuweka kazi yake kwenye ripozitori isomwe na wasomi. Hakutia sahihi itafunwe na kampuni ya San Francisco ikauzwe kwa wanafunzi wa mwaka ujao wanakili. Na huyu anayesema hazisomwi ndiye atakayekuwa wa kwanza kuiuliza mashine hiyo.

Section58
Daktari bado uko kwangu? 😅 Mimi nataka mashine isome. Ikikosa ya kwetu itasoma ya nani? Itaendelea kuandika Kiswahili cha kutafsiriwa, na Kidholuo ndio kabisa.

Mkutubi_Mulembe
Tasnifu nyingi za ripozitori zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo usizitegemee kwa Kiswahili. Anayetaka lugha zetu kuna kazi iliyofanywa kwa makusudi: Kencorpus, ambayo watafiti wa Maseno walishiriki kuijenga. Kiswahili, Kidholuo, na Kiluhya cha Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu. Maneno kama milioni 5.6 na sauti za saa 177, na yeyote anaweza kuichukua kwa pamoja bila kugonga seva ya mtu mara laki mbili. Vyuo vingefanya hivyo kwa tasnifu zilizo wazi: furushi moja kila muhula, likae mahali pa bei nafuu, kiungo kiandikwe kwenye robots.txt na kwenye ukurasa wa mbele.

KondeleKwetu
Hivyo mnawapakia na kuwafungia zawadi kabisa.

MulembeTech
Furushi hilo lisiwe na zile PDF za majina ya waliopokelewa. Vyuo vinaweka jina, namba ya usajili, mara nyingine hadi namba ya simu, kwenye faili iliyo wazi. Sheria ya Kulinda Data ni ya 2019, si jana. Roboti akishabeba hakuna kurudisha.

Fundi_Lanet
Kweli kabisa. Na kwa anayetaka kitu cha kufanya kesho asubuhi: usihesabu kwa IP, hesabu kwa njia. Tengeneza zoni ya limit_req ambayo ufunguo wake ni jina la seva, itumike kwenye `/search` na `/browse` peke yake, ombi 5 kwa sekunde kwa dunia nzima, burst (ziada ya ghafla) 10, na limit_req_status iwe 429 (maombi yamezidi) kwa sababu usipoitaja itatoa 503. Aliyeingia kwa nenosiri mpe ufunguo mtupu kupitia map; Nginx haihesabu ombi lenye ufunguo mtupu. PDF na kurasa za tasnifu moja moja usiziguse. Utafutaji wa mgeni utakuwa wa polepole roboti wakija, lakini seva haitalala.

Section58
Halafu hizo PDF zenyewe, Fundi. Nyingi za kabla ya 2012 ni picha za skana. Megabaiti 80, huwezi kutafuta neno hata moja ndani. Roboti anabeba mzigo wote huo na hasomi kitu. Binadamu naye ndiyo hivyo, bando linaisha kwenye ukurasa wa shukrani. Daktari aliponiuliza nimesoma ngapi, hilo ndilo jibu.

Daktari_Milimani
Sikukuuliza umesoma ngapi. Ila kwa mara ya kwanza umesema jambo. Skana zile zilifanywa kwa rangi, 600 dpi, maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe. Nani aliidhinisha?

Mkutubi_Mulembe
Mara nyingi mkandarasi alilipwa kwa ukurasa, na mkataba haukutaja ukubwa wa faili wala maandishi. Zinaweza kurekebishwa bila kuskani upya. OCRmyPDF, inayoongeza maandishi ya kutafutika kwenye picha za skana, ni ya bure, na Tesseract inayoitumia kusoma herufi ina Kiswahili.

Daktari_Milimani
Na Kidholuo?

Mkutubi_Mulembe
Haina. Kwa kuwa Kidholuo kinaandikwa kwa herufi za kawaida, ukitumia swa (Kiswahili) inatoka vizuri kiasi, majina ya watu ndiyo yanayoharibika.

Daktari_Milimani
Andika amri yenyewe hapa, nimpelekee kijana wa maktaba.

Fundi_Lanet
`ocrmypdf -l eng+swa --optimize 2 --skip-text zamani.pdf mpya.pdf`

Hiyo `--skip-text` msiisahau. Faili ikiwa na ukurasa mmoja tu wenye maandishi tayari, mara nyingi ule wa tamko, bila hiyo programu inagoma faili zima. Jaribuni kwa faili kumi kwanza, usiku, na si kwenye seva ya potali.

KondeleKwetu
Seva ya potali mmeshaitenganisha?